Programu ya Viti vya Kukodisha

Mwalimu mpya wa kompyuta alikuwa na mkono mwepesi, na wanafunzi walimpenda kwa hilo. Kabla ya kuja kufundisha sekondari alikuwa kwenye ofisi inayotengeneza programu za maduka na zahanati, na kule utaratibu ulikuwa mmoja: anayeliona kosa ndiye anayelirekebisha. Hakuna kumwambia mwenzako hebu fikiri. Mteja amepiga simu, programu imegoma, foleni ya wagonjwa imefika barazani. Unavuta kibodi, unarekebisha, unarudi kwenye meza yako. Na yule uliyemvutia kibodi hanuni. Anakushukuru, pengine anakuletea na chai.

Tabia hiyo ndiyo aliyoingia nayo darasani. Hakujua kama ni tabia. Alidhani ndiyo kazi yenyewe.

Maabara ya kompyuta zamani ilikuwa stoo ya vitabu. Kilikuwa chumba kirefu chenye nondo madirishani na mapazia mazito ya kuzuia jua lisipige kwenye vioo vya mashine, na chini ya meza nyaya zilikuwa zimefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Wanafunzi walivua viatu mlangoni kwa sababu ya vumbi, wakakaa wawili wawili kwa kila mashine. Mmoja akinyoosha mkono, mwalimu alifika, akatupa jicho, akasema, "Sogea kidogo." Wala hakukaa. Aliinama tu pale pale, vidole vikakimbia, programu ikaenda, na darasa likagonga meza kwa furaha.

"Mwalimu anaandika kama mvua kwenye bati," alisema Profesa.

Profesa alikuwa kijana wa meza ya mbele. Wenzake walimwita hivyo kwa sababu alijibu swali kabla halijaisha kuulizwa, na kwa sababu ya miwani, ambayo ilikuwa ya kaka yake na haikumwonyesha chochote zaidi ya alichokuwa anakiona bila miwani.

Meza ya nyuma alikaa Bibi Harusi. Jina hilo alipewa kwa mwendo wake. Alitembea taratibu, akageuka taratibu, ungedhani nyuma kuna watoto wamemshikia gauni. Hata kuandika aliandika kwa kidole kimoja, na kila herufi aliitazama kwanza kama mtu anayechagua nyanya, ndipo akaibonyeza. Wenzake walimtania, "Bibi Harusi, uliowaalika wameshakula wameondoka." Yeye alicheka, akaendelea kuchagua nyanya zake.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa atengeneze programu moja peke yake, toka mwanzo hadi mwisho, kisha aje mtahini kutoka nje kuiangalia. Wengi walichagua programu za maduka na za kujumlisha alama. Profesa alichagua ya maktaba ya shule. Bibi Harusi akasema yake itakuwa ya viti vya mama.

Mama yake alikodisha viti vya plastiki na maturubai, kwa harusi na kwa misiba.

"Nataka ijue viti vimekwenda kwa nani na vimerudi vingapi," alimweleza mwalimu. "Halafu ijue vilivyorudi vimevunjika. Kiti kilichovunjika mguu si kiti kilichorudi, mwalimu. Mama akikihesabu kwamba kimerudi, wiki inayofuata kinamwangusha mzee wa watu mbele ya wakwe."

Mwalimu alicheka sana. Moyoni aliipenda programu ile kuliko zote, kwa sababu aliyeileta alikuwa anaihitaji kweli.

Ikawa mwezi ule ule wa mtahini ndio programu ikakataa. Kiti kikivunjika, yenyewe inakihesabu kimerudi salama. Bibi Harusi alikaa nayo kipindi kizima, kidole kwenye kioo, akishuka mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Mwalimu alisimama nyuma yake. Kosa alikuwa ameliona zamani, lilikuwa mahali programu inapozunguka kurudia hesabu. Alijizuia. Kweli alijizuia, mpaka akahisi viganja vinamwasha. Lakini kengele ilikuwa inakaribia, na mikono mingine ilikuwa juu.

"Sogea kidogo," akasema.

"Nilikuwa nakaribia kulipata, mwalimu."

"Najua. Nakufungulia njia tu, utamalizia wewe."

Hakufungua njia tu. Alirekebisha pale palipokosewa, na akiwa hapo akaona sehemu ya jirani imeandikwa kwa maneno mengi, akaifupisha. Ilipofupishwa hiyo, nyingine ikaonekana imekaa vibaya. Kengele ilipolia, katikati yote ya programu ilikuwa mpya, safi, imeandikwa kama wanavyoandika ofisini. Viti vilivyovunjika vilikaa upande wao.

Bibi Harusi alikirudisha kidole kwenye kioo.

"Ni nzuri," akasema. "Ila sijui inaanzia wapi."

"Kesho nitakueleza."

Kesho yake kulikuwa na kikao cha walimu. Keshokutwa umeme ulikatika. Baada ya hapo kukawa na hiki na kile, na Bibi Harusi hakuwa mtu wa kumkumbusha mwalimu ahadi yake.

Mtahini alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini kama ya muuguzi, na kila mtoto alimwita mwanangu. Kila mmoja alimwonyesha programu yake, akaieleza, kisha akaambiwa abadilishe kitu kimoja mbele yake. Mwalimu aliruhusiwa kukaa nyuma, karibu na dirisha, bila kusema neno.

Profesa alipita bila kukwama. Alieleza mpaka mtahini akatabasamu, na kitu alichoambiwa abadilishe kilikuwa kichwa cha habari. Wengine nao wakapita, mmoja mmoja.

Bibi Harusi alianza vizuri. Alieleza mwanzo wa programu taratibu, kila neno na mahali pake, na mtahini akawa anaitikia kwa kichwa. Wakafika katikati.

"Na hapa, mwanangu, panafanya nini?"

"Hapa ndipo inapojua kilichovunjika."

"Inajuaje?"

Bibi Harusi alishuka mistari kwa macho, akapanda tena.

"Haya, tuache hilo. Nifanyie viti vilivyopotea navyo vihesabiwe peke yake."

Kidole cha Bibi Harusi kilikwenda juu ya kibodi, kikasimama hapo. Shingo yake mwalimu aliiona kwa nyuma, imenyooka, haitikisiki. Mtahini alisubiri kwa subira ya watu wa kazi ile, kisha akauliza kwa upole ule ule:

"Nani alikuandikia hapa?"

Bibi Harusi hakugeuka. Angegeuka, mwalimu angesimama. Ndivyo alivyojiambia baadaye, mara nyingi, na kila alipojiambia aliamini kidogo kuliko mara iliyotangulia.

"Nimeandika mwenyewe," alisema Bibi Harusi.

Mama yake aliitwa shuleni siku iliyofuata. Alikuja na kanga iliyolowa pindoni, kwa sababu alikuwa anaosha viti. Walikaa ofisini kwa mkuu wa shule, mama na binti upande mmoja, mwalimu upande wa pili karibu na kabati la vikombe. Mkuu aliongea polepole ili mama aelewe. Mtahini ameandika kwamba kazi hii si ya mtoto. Taarifa ikienda ilivyo, mtoto anafutiwa somo la kompyuta, na bila somo hilo chuo cha ufundi alichokiomba hakimpokei.

"Ninachotaka ni ukweli tu," mkuu alisema. "Aliyemwandikia ni yule kijana wa duka la kompyuta pale njia panda? Wengi wanampelekea kazi zao."

"Mwanangu hamjui huyo," mama alijibu. "Huyu akitoka shule anakuja kwangu kwenye beseni. Tunaosha viti mpaka giza. Ataonana naye saa ngapi?"

"Mama, mimi sisemi kwamba..."

"Muulizeni mwalimu wake, si huyu hapa?" Mama akamgeukia mwalimu, uso umefunguka kabisa. "Huyu amemsaidia mwanangu, jamani. Nyumbani kwetu jina lake halitoki mdomoni. Mwalimu, waambie."

Wote wakamwangalia.

"Ni mwanafunzi mwenye bidii," mwalimu alisema.

Basi. Hakuongeza. Mama aliitikia kwa kichwa kwa nguvu, kana kwamba amesikia jambo kubwa, na mkuu akasema atasubiri mpaka mwisho wa wiki ndipo aipeleke taarifa.

Walipotoka, Bibi Harusi alibaki nyuma kidogo, akamsubiri mwalimu penye ngazi.

"Usijisumbue, mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Nikisema ni wewe watauliza na za wenzangu. Watafutiwa wote."

Mwalimu alikuwa bado hajafika huko katika kufikiri. Kumbe mtoto ameshafika zamani, amekaa, anamsubiri.

Katika chumba cha walimu alikaa meza moja na mwalimu wa hesabu, mzee aliyebakiza muda mfupi kustaafu. Shule nzima ilimwita Jibu Lipo, kwa kuwa ndivyo alivyomwambia kila mwanafunzi aliyekwama. Mzee alimsogezea kiti.

"Kaa, binti. Sura yako leo kama karatasi ya mtihani iliyonyeshewa."

Akamweleza yote. Mzee alisikiliza huku akifuta chaki vidoleni.

"Umezishika za wangapi?"

"Sijui. Karibu zote. Kidogo hapa, kidogo pale."

"Mbona hao wengine walijibu?"

"Wengine walielewa. Wengine nadhani walibahatika na swali."

Mzee akaguna. "Ukisema ya mmoja wataulizwa wote. Na wewe bado uko kwenye mwaka wa majaribio, hata kiti hicho hujakabidhiwa vizuri."

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Sijasema hivyo."

"Basi niseme?"

"Hilo pia sijalisema." Alikunja kitambaa chake. "Watoto wananiita Jibu Lipo, unadhani sijui? Leo silioni, binti. Samahani."

Nyumbani aliishi na shangazi yake, aliyemlea. Jioni ile shangazi alikuwa anapiga pasi, chumba kimejaa harufu ya nguo za moto.

"Mwalimu wa mashine, mbona chakula unakiangalia tu? Kimekukosea nini?"

Akamweleza na yeye. Shangazi alicheka katikati ya maelezo, akajaribu kujizuia, akacheka tena.

"Usinitazame hivyo. Nakumbuka mdogo wako. Kafika darasa la tatu hajui kufunga vifungo vya shati, kila akiinua mkono wewe ushamfunga. Siku ulipougua homa alikwenda shule kifua wazi kama mcheza ngoma."

"Nilikuwa nampenda."

"Nani amekataa? Ulimpenda, na kifua kikawa wazi." Aligeuza shati upande wa pili. "Sasa huyo binti wa viti watamwita nani huko mtaani?"

"Mwizi wa mtihani."

Shangazi hakucheka tena. Alipiga pasi kola, akaikunja, akachukua nguo nyingine. Mwalimu alimsubiri aseme neno, lolote, la kumlaumu au la kumtuliza. Shangazi hakusema. Ndipo alipogundua kwamba tangu mchana amezunguka na hadithi hii akitafuta mtu wa kumvutia kibodi.

Asubuhi alimkuta mkuu wa shule akifungua madirisha ya ofisi yake.

"Ile sehemu ya katikati niliandika mimi," alimwambia kabla hajakaribishwa kiti. "Hakuniomba. Alinikataza, kwa adabu, na mimi nikaandika."

Mkuu alibaki ameshika komeo la dirisha. "Na jana ulikaa hapa hapa na mama wa watu?"

"Nilikaa."

"Na za wengine?"

Alikuwa amelijua swali hilo usiku kucha, na bado lilipokuja alitamani liwe jingine. Angeweza kusema hapana. Jibu Lipo asingemsaliti, na Bibi Harusi mwenyewe alikwishampa ruhusa.

"Za wengine pia. Sio zote sawa. Nikizisoma siwezi kukuonyesha wapi ni wao na wapi ni mimi."

Mkuu aliketi. Alimwangalia bila hasira, na hilo lilimuuma zaidi. "Darasa zima," alisema. "Unajua nitawaambia nini wazazi?" Kisha akavuta simu.

Alizungumza na mtahini mlango ukiwa umefungwa, mwalimu akisubiri nje kwenye benchi la wanafunzi wachelewaji. Uamuzi ulitoka kabla ya mapumziko. Programu zote zinawekwa kando. Kila mwanafunzi atapewa kazi ndogo mpya, aiandike mbele ya mtahini kwa kipindi kimoja, mwalimu akiwa nje ya mlango, na alama zitakuwa hizo. Kuhusu mwalimu mwenyewe, barua itakuja baadaye.

Aliwaeleza darasani akiwa amesimama ubaoni, mbali na meza zao. Hakuna aliyegonga meza.

"Aliyeshindwa ni mmoja, turudie wote?" alisema Profesa, na vichwa vikageuka nyuma.

"Msimwangalie," mwalimu alisema. "Aliyefanya kosa ni mimi. Niliandika mahali ambapo mlitakiwa mwandike ninyi."

"Lakini hatukulalamika, mwalimu," sauti ilitoka katikati.

"Najua. Ndiyo maana nililifanya muda mrefu."

Msichana mmoja karibu na mlango, ambaye kwa kawaida hakuongea, akasema taratibu, "Si ungetuacha tukosee tangu mwanzo? Sasa hivi tungekuwa tumeshamaliza kukosea."

Siku zilizobaki aliwafundisha kwa mdomo tu. Mtu akinyoosha mkono, alikwenda, akasimama, akauliza: ulitaka ifanye nini, na inafanya nini? Walimkasirikia. "Mwalimu, gusa tu hapa kidogo, haionekani na mtu." Mmoja alilia. Mwingine alizima mashine kwa hasira, kazi yote ikapotea. Mwalimu aliyaona makosa yao yote, yamekaa wazi, na kuyaacha pale kulikuwa kama kumwona mtoto anaelekea kwenye jiko. Na sasa ndipo alipoona jambo ambalo haraka yake ilikuwa imelifunika: wengi wao hawakujua kosa linatafutwaje. Hawakuwahi kulitafuta. Mwaka mzima makosa yao yalikuwa yakiondoka yenyewe.

Siku ya mtihani alikaa nje, kwenye benchi la kibarazani, kando ya viatu vyao. Mlango ulifungwa. Alichobaki nacho ni masikio. Alisikia kibodi nyingi kwa pamoja, kisha akaanza kuzitenganisha. Ya Bibi Harusi aliijua mara moja: mbonyezo mmoja, kimya, mbonyezo mwingine. Ya Profesa nayo aliijua. Ilianza kwa kasi, ikasita, ikafuatiwa na ile sauti ya kufuta, tap tap tap tap, ikaanza tena kwa kasi, ikafuta tena. Mwishoni upande ule wa chumba haukutoka mlio wowote. Mwalimu aliinuka, akakaa. Upande wa nyuma kidole kimoja kiliendelea.

Mtahini alipotoka alikaa naye kwenye benchi, kama mtu na mtu.

"Wengi wamepita," alisema. "Alama zao ni ndogo kuliko za mwanzo, lakini ni zao. Yule binti wa viti hakumaliza. Ila alichoandika kinafanya kazi, na amenieleza mstari kwa mstari mpaka nikamwambia basi, mwanangu, inatosha. Amepita."

Mwalimu alifumba macho.

"Wachache wameshindwa. Yule kijana wa mbele mwenye miwani amefuta kila alichoandika, kioo kimebaki kitupu. Nilipomuuliza, alinieleza vizuri sana inavyotakiwa kuwa. Kuandika ndiko kulikomshinda." Alifunga mkoba wake. "Nasikitika. Alinifurahisha siku ile."

Wanafunzi walitoka wakavaa viatu. Bibi Harusi alipita mbele ya mwalimu, akasimama, akasema, "Mama anakusalimu." Ilikuwa salamu ya kawaida, bila moto na bila baridi. Kisha akaenda zake, kwa mwendo wake.

Profesa alitoka wa mwisho. Miwani ilikuwa mfukoni. Alivaa kiatu kimoja, akakaa na kingine mkononi.

"Mwalimu. Ile programu yangu ya maktaba, uliandika kiasi gani?"

Mwalimu alitaka kusema "kidogo". Neno lilikuwa tayari mdomoni, na lingemtuliza mtoto kwa siku ile.

"Sehemu kubwa," alisema. "Mwanzo ulikuwa wako."

"Na ile ya kutafuta kitabu kwa jina la mwandishi?"

"Hiyo ilikuwa yangu."

Profesa alitikisa kiatu, mchanga ukamwagika.

"Nilimwonyesha kaka ile," alisema. "Alikaa akaitazama muda mrefu. Akaniambia wewe umetuzidi wote humu ndani." Akapangusa kiatu kwa kiganja. "Nilidhani ni mimi."

"Nisamehe."

Kijana alivaa kiatu cha pili. Hakuonekana kama amekasirika. Alionekana kama mtu aliyeambiwa ashuke katikati ya safari na hajui yuko wapi.

"Kurudia ni mwakani," alisema. "Nani atanifundisha?"

"Kama bado nitakuwepo, ni mimi. Nitaanza na wewe mwanzo kabisa, na sitagusa kitu. Kama utakubali."

Alifikiri. Kwa mara ya kwanza tangu mwalimu amjue, alifikiri kabla ya kujibu.

"Sijui kama nakubali, mwalimu," alisema kwa adabu, akainuka, akawafuata wenzake getini.